Kayaki mbili kwenye baraza la Walukuba

Dada yangu alinipigia simu Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, na haikuwa ya kunijulia hali. "Mdogo wangu, njoo umwambie shemeji yako aondoe hivi vihori vyake," alisema, "la sivyo nitavigeuza hori la ng'ombe kweli." Vihori vyenyewe ni kayaki mbili za plastiki, ndogo ya manjano na kubwa nyekundu, ambazo zimelala kwenye baraza lao tangu mwaka 2019. Kuna na makafi mawili, helmeti, jaketi la kuelea, sketi ya mpira ya kuzibia tundu la kukalia, na kamba ya kuokolea watu ndani ya mfuko wake.

Mimi kazi yangu ni kuandika hesabu za maduka madogo hapa Jinja, mji wa Uganda ulio kando ya Mto Nile. Basi kwa ukoo mzima mtu wa hesabu ndiye anayejua kila kitu kiuzwe shilingi ngapi. Sijui. Ila ninajua kuuliza, na kisa hiki kimenifundisha kwamba swali tunalopenda kuuliza, "mara ya mwisho ulikitumia lini?", linasaidia kidogo sana. Wenyewe wameniruhusu kukieleza mradi nisitaje majina.

Asiyeijua Walukuba, mtaa wa hapa Jinja wanakoishi, aelewe jambo moja kwanza. Huu ni mtaa uliojengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ndiyo maana makabila yalichanganyikana na Kiswahili kikashika. Nyumba ni ndogo. Mtu mwenye vyumba viwili na watoto watatu halihesabu baraza kuwa mapambo. Baraza ni chumba cha tatu.

Shemeji yangu ana miaka 43, fundi umeme kiwandani. Alipokuwa kijana alikuwa akipanda boda Jumapili kwenda kwenye maporomoko ya Bujagali, kayaki imelazwa kwa kukingama nyuma ya dereva kama mtu aliyebeba mlango, na anarudi jioni macho mekundu. Hakuwahi kulipwa hata senti kwa mchezo huo. Ndogo ya manjano aliinunua mwanzoni mwa 2011 kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kuhangaika na mzigo wa ndege. Alilipa dola 350, na wakati huo dola ilikuwa karibu na shilingi 2,400, yaani kama 840,000. Kubwa nyekundu ikafuata mwaka 2014.

Mto Nile nao una habari yake. Maporomoko ya Ripon, yale aliyoyaona Speke, mpelelezi Mwingereza, mwaka 1862, yalimezwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Bujagali yakazama lilipojengwa bwawa la megawati 250 lililozinduliwa Oktoba 2012. Kisha Machi 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, megawati 183, na maji yake yakapanda mpaka kufunika mawimbi ambayo wachezaji kayaki walikuwa wakiyafuata kutoka pembe zote za dunia. Sisemi umeme haukuhitajika. Shemeji mwenyewe anakula kwa umeme. Lakini mtu aliyejifunza mchezo kwenye wimbi fulani, halafu wimbi likawa ziwa, huwezi kumwambia tu kwamba amekuwa mvivu.

Na hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu nilidhani nimeshaelewa kisa chote: mto umekwisha, uza zote mbili, lipa karo. Binti yao wa kwanza yuko P.7, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Februari anaingia Senior One, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, na orodha ya shule wanayoitaka, pamoja na godoro na sanduku, inafika shilingi 1,100,000 kwa muhula wa kwanza. Hesabu ilionekana imejifunga yenyewe.

Baraza

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo niliomba daftari. Dada anauza chapati na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) mbele ya nyumba tangu 2022, jiko na kikaango chini ya mwavuli. Mvua kubwa ya asubuhi ikipiga, hafungui, maana baraza limejaa plastiki. Yeye huandika kila siku, hata siku za sifuri, jambo ambalo wenye maduka wengi ninaowaandikia hawalifanyi. Tukahesabu sifuri za asubuhi za mvua: Aprili peke yake tisa, na kwa mwaka mzima kama arobaini. Faida ya asubuhi moja kwake haipungui 12,000. Hiyo ni 480,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, 1,440,000.

Shemeji aliposikia akanyamaza. Yeye alikuwa akisema kila siku kwamba kayaki "haziombi chakula". Kumbe zilikuwa zinakula chapati.

Lakini nilipokwenda nyumbani usiku ule, hesabu ile ikaanza kunikera. Gharama ya baraza ni ya kweli, ila inatibiwa na nini? Si lazima kuuza. Kayaki haihitaji sakafu. Ikifungwa kwa mikanda miwili mipana, kama ile ya viti vya gari, ikaning'inizwa chini ya paa kwa ubavu wake, mkanda mmoja kila theluthi ya urefu, inakaa vizuri kuliko ilivyokuwa ikikaa chini. Kamba nyembamba haifai, wala kuitundika kwa ncha zake. Plastiki ya polithini ikipata joto hulegea na kubonyea pale inapobeba uzito. Tukapima. Mbao za paa la baraza zinaweza kubeba moja. Si mbili.

Kwa hiyo swali likabadilika kabisa. Halikuwa tena kuuza au kuweka. Likawa: ipi?

Ipi

Hapa shemeji alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa na mantiki ya sokoni. Kubwa iuzwe, kwa sababu ni mpya zaidi na ina bei, ingeweza kufika dola 450. Ndogo ibaki. "Shemeji," aliniambia, "hii ndogo ndiyo iliyonifundisha mto. Kubwa nilinunua tu kwa sababu ya pesa ya ovataimu." Mimi nilikubaliana naye, tena kwa haraka. Kuuza cha bei na kubaki na cha kumbukumbu ni jambo linalopendeza kulisema.

Dada ndiye aliyetuharibia. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga, akasema, "Basi aingie kwanza tumwone."

Kayaki za maji makali zina kipimo cha uzito wa mwili. Ile ya manjano ni ya kuchezea mawimbi, fupi, yenye ujazo mdogo ili iweze kuzamishwa pua na kugeuzwa. Imetengenezwa kwa mtu wa kilo 55 hadi 80. Shemeji alipoinunua alikuwa na 68. Sasa ana 91, na hilo tulilithibitisha kwenye mizani ya muuza mkaa, si kwa kukisia. Aliweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akasukuma. Nyonga zikakataa. Watoto wakaanza kucheka, halafu wakaacha, kwa sababu baba yao alikaa pale nusu ndani nusu nje kwa muda mrefu kidogo, mikono juu ya kingo, anaangalia ukuta.

Alipotoka akasema bega nalo, lile lililochomoka 2017, lisingekubali tena michezo ya kwenye wimbi. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo ndogo ilihitaji mambo mawili ili itumike tena: wimbi lililo chini ya maji ya Isimba, na mwili wa mwaka 2011. Yote mawili hayamo mikononi mwa mtu yeyote pale barazani. Kubwa ni hadithi nyingine. Ni pana, inabeba mpaka kilo 100 na kitu, imetengenezwa kwa kushuka mto, si kwa kucheza mahali pamoja. Kati ya Bujagali na maporomoko ya Itanda bado mto unatiririka na kufoka. Watalii wanashushwa kwa maboti ya mpira kila siku. Juu ya bwawa la Bujagali kuna maji yaliyotulia ambapo mtu mwenye bega bovu anaweza kujaribu tena, taratibu, kujigeuza chini juu na kuinuka bila kutoka chomboni. Kinachohitajika ni Jumapili moja, nauli ya boda, na yeye kuamka. Hayo yamo mikononi mwake.

Sioni aibu kusema nilitaka bado ziuzwe zote. Miaka sita bila kugusa maji ni miaka sita. Shemeji akanijibu jambo ambalo sikuwa nimelipima: "Nikiuza nyekundu, nikitaka nyingine nitaipata wapi?" Sufuria ukiuza leo, kesho unanunua nyingine sokoni. Kayaki hapa Uganda haiko dukani barabara kuu. Zinaingia na wageni, zinatoka mkono kwa mkono, na mpya kutoka ng'ambo, ukiongeza usafirishaji wa kitu kirefu namna ile, ni bei ya pikipiki iliyotumika. Ukiuza kwa 1,600,000 hujabadilisha kitu kwa pesa tu. Umefunga na mlango wa kurudi. Kwa ndogo mlango ule ulikuwa umeshafungwa na nyonga. Kwa kubwa ulikuwa wazi.

Nikakubali, shingo upande.

Kumtafuta mnunuzi

Ushauri wangu juu ya ndogo ulikuwa tusubiri. Wachezaji wa ng'ambo hukimbilia Jinja kuanzia Novemba hadi Februari, wakati mito yao ni barafu na Nile ni ya uvuguvugu. Wanalipa kwa dola, na karo inadaiwa Februari. Niliweka dola 250 kwenye karatasi, karibu shilingi 900,000 kwa kiwango cha sasa cha kama 3,600.

Tukaisafisha. Tukaigeuza, tukamimina ndoo tatu za maji ndani na kusubiri chini tuone kama kuna tone. Hakukuwa. Tukapapasa sehemu ya chini ya kiti, ambapo plastiki huchakaa kwa kuburutwa kwenye mawe na saruji. Ilikuwa nyembamba kidogo lakini haijapasuka. Hapo ni pa kuangalia kwa makini, kwa sababu polithini haishiki gundi. Ikipasuka inataka kuchomelewa kwa joto na fundi anayejua, na hata hivyo kovu hubaki dhaifu. Kisha nikapitisha kiganja ubavuni. Upande uliokuwa ukielekea ukutani ulitoka safi. Upande uliokuwa ukielekea barabarani uliniachia unga mweupe mkononi, kama chaki. Hilo ni jua. Miale yake hukausha plastiki pole pole mpaka inakuwa kama ganda la yai, na hakuna rangi unayoweza kupaka ikairudisha.

Kuna namba iliyochongwa kwenye kiwiliwili karibu na mkia, na tarakimu zake mbili za mwisho ni mwaka wa modeli: 09. Mnunuzi mjuzi huanza kusoma hapo. Kayaki za kuchezea mawimbi hubadilika umbo kila baada ya miaka michache, na mgeni aliyepanda ndege kuja Nile haji kununua ya 2009 iliyochujuka upande mmoja. Karatasi yangu ya dola 250 ilikuwa ndoto.

Septemba akaja kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mtoto wa upande wa Bujagali, anayejifunza kazi ya kusindikiza maboti ya watalii. Alikuwa akiazima kayaki za wenzake. Aliingia kwenye ile ya manjano kama mkono unavyoingia kwenye soksi. Akatoa 700,000, kwa mafungu matatu: 300,000 siku hiyo, iliyobaki kwa miezi miwili. Mimi nilisema hapana kwa mafungu, kazi yangu imenionyesha madeni ya mafungu yanavyokufa. Shemeji akasema ndiyo. Sharti lake lilikuwa kwamba kayaki ichukuliwe siku ile ile, deni liandikwe mbele ya mjomba wa kijana. Fungu la mwisho lilifika siku nne baada ya tarehe, limekamilika.

Shemeji sasa anatamba kwamba amepoteza 140,000 tu tangu 2011. Nimemkatalia, kwa sababu shilingi ya 2011 na ya leo si ndugu. Kwa dola alinunua 350, ameuza kwa kama 194. Halafu akanikumbusha, bila kujua anachosema, kwamba mwaka 2019 kuna mtu alimpa dola 300 akakataa kwa hasira. Nikaandika hilo chini na kulitazama. Miaka minane ya kuitumia kila wiki, mawe na saruji na vipigo vyote vya mto, ilikula dola 50. Miaka sita ya kulala barazani ilikula 106. Nimeandika hesabu za watu miaka mingi, na sikumbuki tarakimu mbili zilizonishangaza hivyo.

Ndiyo maana naona neno "kuweka" linatudanganya. Tunalisema kana kwamba kitu kinakaa kilivyo. Ile ya manjano haikuwekwa. Ilikuwa inauzwa kwa jua, kidogo kidogo, bila kulipwa.

Vilivyobaki

Kafi fupi lilikwenda na kayaki ndogo, kwa sababu ni la kazi hiyo. Refu limebaki, ni la nyuzi za kioo, halina kutu, halichukui nafasi, na kayaki bila kafi ni beseni.

Sketi ya mpira panya walikuwa wameshaitafuna ukingo. Ikatupwa. Kamba ya kuokolea tuliimwaga nje ya mfuko ikawa ngumu na yenye manyoya, dalili ile ile ya jua, ingawa ilikuwa mfukoni. Mfuko wenyewe ulikuwa umechakaa. Sasa inafungia mbuzi kwa jirani.

Jaketi la kuelea lilizusha ubishi. Kijana alilitaka, alikuwa tayari kuongeza 60,000. Kwa macho lilikuwa zuri. Lakini jaketi za mchezo huu zinatakiwa ziwe na nguvu ya kuinua ya newton 50, sawa na kilo tano hivi, na sponji yake hubanwa na kufa kimya kimya. Tukaazima jiwe la mizani la chuma la kilo tano, tukalifunga kwenye jaketi, tukatumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua. Chuma kikiwa majini hupungua uzito kidogo, kwa hiyo mtihani ulikuwa wa huruma. Jaketi likazama nacho mpaka chini. Shemeji alilitoa, akachukua kisu cha dada cha vitunguu na kulikata mabega yote mawili ili mtu asije akaliokota jalalani na kulivaa. Helmeti, ambayo sponji yake ilikuwa inabomoka kwa kidole, akaipitishia msumeno. Elfu sitini ziliondoka hivyo, na hakuna aliyezilalamikia.

Baraza sasa lina jiko. Asubuhi ya mvua ya kwanza ya Oktoba dada aliuza chapati kuliko siku ya jua, kwa sababu watu walisimama pale kujikinga wakakosa la kufanya. Laki saba zimewekwa kwa ajili ya Senior One, isipokuwa 150,000 ambazo shemeji aliziomba na kununulia jaketi na helmeti zilizotumika, za kwake, zilizopita mtihani wa pipa. Dada alitoa pesa hizo kwa sharti moja.

Kayaki nyekundu inaning'inia chini ya paa, upande wenye kivuli. Ubavuni, kwa kalamu nene nyeusi ya kuandikia magunia, pameandikwa "31 Desemba". Mwandiko ni wa dada. Kama haitakuwa imeguswa na maji ya mto kufikia siku hiyo, Januari anaiuza yeye, wakati wageni bado wapo na dola zao, na kwa bei atakayoiona yeye.

Leo ni tarehe 9 Novemba. Shemeji amesema Jumapili ijayo. Alisema hivyo hivyo na ile iliyopita.